Mawe ya Mdogo Wangu

Machi 4

Naanza kuandika kwa sababu nikisema kwa mdomo naambiwa nina wivu. Sawa, ninao. Ndiyo maana naandika.

Mdogo wangu karudi leo kutoka hospitali. Wamemtoa kifuko cha nyongo pamoja na mawe yaliyokuwemo. Kachagua kurudi siku ambayo mvua za msimu zimeanza, na sisi ni madobi, kwa hiyo hali yetu mtu aielewe mwenyewe. Chini mashine zinaunguruma, juu kwenye chumba cha kuanikia mashuka yamening'inia kama yamesusa, hayakauki, na mtu wa kaunta kalala kitandani. Mtu wa kaunta ni yeye. Tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na jina limemganda mpaka leo ana mvi pembeni mwa masikio.

Alipofika tu Mama akaniita. "Mpigie mdogo wako shuka pasi."

Hiyo ni sheria ya nyumba hii tangu tukiwa wadogo. Mgonjwa hulala kwenye shuka jeupe lililopigwa pasi asubuhi hiyohiyo, na Mama mwenyewe hulitandika na kulichomekea pembeni mpaka linakaza. Mimi nilikuwa mtoto wa afya. Surua tuliugua wote pamoja, shuka likaenda kwa Kitinda kwa sababu ndiye mdogo. Kujifungua nilijifungulia ukweni. Nimepiga pasi mashuka ya wageni, ya wakubwa, ya maharusi, na sijawahi kulalia hata moja. Sisi wazima wa nyumba hii hulalia yaliyokunjwa tu.

Nikalipiga. Likanyooka kama karatasi. Kitinda akalala juu yake akasema, "Ahsante dada, linanukia." Nikatoka.

Machi 6

Mawe wamempa kwenye kichupa. Mama kakiweka sebuleni juu ya kabati, karibu na picha ya marehemu Baba. Kila mgeni anakishika, anakitikisa, anasikiliza yanavyolia, anasema, "Jamani, haya yote yalikuwa ndani yako?" Kitinda anainamisha macho kama bibi harusi.

Mawe yenyewe madogo, ya kahawia, hata kokoto za uani ni nzuri zaidi.

Machi 9

Mvua. Shuka. Wageni.

Machi 12

Mume wangu karudi kutoka kazini na papai. Kapita mlangoni kwangu, nimesimama kwenye meza ya pasi jasho linanichuruzika, kaenda moja kwa moja kwa Kitinda. "Shemeji, nimekuchagulia lililoiva, laini, halina shida tumboni."

Nikamfuata jikoni. "Na mimi je?"

Akacheka, akanipiga begani. "Wewe unaumwa nini?"

Nimekuwa na mwanamume huyu, fundi bomba, miaka yote, ananiletea mabomba ya kuzibua na misumari. Leo kumbe anajua papai lililoiva linavyochaguliwa.

Machi 17

Nimempeleka Kitinda hospitali aangaliwe kidonda. Mama kataka niende mimi kwa sababu "wewe una nguvu". Nilibeba mkoba wake, mwavuli wake na mto wa kukalia.

Kidonda kimepona vizuri. Nikadhani basi, yamekwisha, kesho anarudi kaunta. Kumbe daktari ana mengine. Ni daktari kijana, mwanamke, anaongea taratibu. Akampima shinikizo la damu, akatazama majibu ya damu, akasema mafuta yako juu. Halafu akasema, "Mawe tumeyatoa, lakini sijamaliza na wewe. Nataka tuangalie moyo."

Kitinda akashtuka. "Moyo? Mawe si yalikuwa tumboni?"

"Mawe hayatembei kwenda kwenye moyo, usiogope," daktari akasema. "Lakini imeonekana kwamba watu wenye mawe ya nyongo hupata maradhi ya moyo na mishipa zaidi kuliko wasio nayo. Si wote. Ila mara nyingi yanayoleta mawe ndiyo yanayoziba mishipa: mafuta kwenye damu, unene, sukari, kukaa bila mazoezi. Kwa hiyo mimi mtu akija na mawe, namwona kama kaniletea habari ya moyo wake mapema."

Akasema pia mambo haya hufuata damu ya ukoo. Akanigeukia mimi niliyepakata mto. "Na wewe ndiye dada mtu? Ukipata nafasi upimwe."

Nikamwambia mimi mzima kama chuma. Akatabasamu kama mtu aliyeshasikia maneno hayo mara nyingi.

Njiani Kitinda kanishika mkono, mkono umemlowa kwa hofu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza jambo moja tu: hata moyo nao kapewa yeye.

Machi 18

Nilijua. Mama katangaza mafuta yasitumike tena jikoni, mtu asipaze sauti, redio ipunguzwe. Mvua ikikatika jioni anamtembeza Kitinda mpaka njia panda na kurudi, wameshikana mikono kama wanafunzi. Nawaona kupitia dirisha nikiwa na mashati ya Mwalimu.

Mwalimu ni mteja wetu mwenye mashati meupe na maneno mengi. Leo kauliza kwa nini shati lina unyevu kwenye kola. Nikamwambia amuulize aliyeleta mvua.

Machi 25

Beseni la mashuka mabichi limekuwa zito msimu huu. Zamani nilikuwa napanda nalo ngazi nikiimba. Leo kwenye kona ya ngazi nimesimama, kifua kimebana kama mtu kanifunga mkanda. Nikashusha pumzi, kikaachia, nikaendelea. Unyevu huu utatuua wote.

Machi 26

Tena pale kwenye kona. Nadhani ngazi zinateleza, ndiyo maana najikaza.

Machi 30

Tumegombana.

Kitinda kaja kwenye meza ya pasi, kashika ubavu kama kawaida yake siku hizi, ingawa kidonda kishapona. "Dada, Jumanne naenda kwa daktari. Twende wote ukapime. Alisema ndugu wa damu."

"Sina muda."

"Ni asubuhi moja tu."

"Na mashati utayapiga wewe? Wewe ukishika pasi unaunguza hata meza."

Akacheka kidogo, akadhani natania. Akasema, "Nina wasiwasi na wewe."

Basi hapo nikafunguka. Nikamwambia wasiwasi wake aubakize kwa mawe yake kabatini. Nikamwambia ananiita hospitali ili niendelee kumbebea mto. Nikamwambia damu yangu aiache, yeye kesharithi shuka, karithi Mama, karithi mpaka papai la mume wangu. Lile la papai lilinitoka tu.

Akaangua kilio. Mama akatoka chumbani na kanga moja, akamkumbatia, akanitolea macho. "Unataka kumpasua moyo mwenzio? Wewe unaumwa nini hasa?"

Nikasema siumwi kitu. Nikarudi kwenye pasi. Mkono wa kushoto ulikuwa unaniuma mpaka kwenye kidole cha mwisho, nadhani kwa sababu ya hasira, nilikuwa nimeubana ngumi muda wote.

Aprili 3

Jua! Tumeanika mpaka kwenye ukuta wa jirani. Mchana likafunikwa.

Aprili 8

Leo nimeumwa kweli.

Nilikuwa nimemaliza mzigo wa nyumba ya wageni, nikapanda juu, na nilipofika kwenye mlango wa chumba cha kuanikia maumivu yakaja chini ya kifua, pale kwenye chembe, yakapanda hadi kwenye taya. Kichefuchefu. Nikaketi juu ya beseni lililopinduliwa. Yakakaa, kisha yakaondoka taratibu.

Na nikiwa pale nimekaa nikajua ni kitu gani. Mawe! Mama mmoja, baba mmoja, yeye anayo na mimi ninayo. Si daktari alisema hufuata damu?

Niandike ukweli wote maana hapa hakuna wa kunihukumu: nilifurahi. Nilikaa juu ya beseni, mdomo mchungu, nikicheka peke yangu. Nikajiona nimelala, Mama anachomekea shuka pembeni, wageni wanatikisa kichupa changu. Kikubwa kuliko cha mwenzangu.

Halafu nikakumbuka maneno yote niliyosema. Nikienda sasa kusema naumwa mawe, watasema namwigiza Kitinda, na watakuwa na haki ya kusema hivyo. Basi sitasema. Wanione wenyewe. Yeye hakuomba, alionekana tu. Na mimi nionekane.

Aprili 10

Hakuna aliyeona.

Aprili 11

Nimesimama makusudi kwenye kona ya ngazi Mama akipita. Kaniambia nisizibe njia.

Aprili 15

Kuna aliyeona, lakini si niliyemtaka.

Kitinda karudi kaunta tangu juzi, ingawa hatuongei zaidi ya "mzigo wa nani" na "tayari". Leo kaleta nguo kwenye meza, kaniangalia, hakuondoka. "Dada, mbona rangi imekubadilika? Na unatweta."

"Joto la pasi."

"Pasi umeizima."

Nikamwambia arudi kaunta kuna wateja. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Akaenda, lakini mara kwa mara nilisikia kiti chake kikisogea, akichungulia.

Nilikaa siku nzima na kijiba rohoni. Mama aliyenizaa hajaona, mume ninayelala naye hajaona. Ameona huyu, ili hata kuonekana kwangu kuwe mkononi mwake.

Aprili 19

Limao na maji ya moto. Wanasema husaidia mawe. Halikusaidia kitu.

Aprili 22

Sasa hata bila beseni. Nikipanda mikono mitupu, kifua kinabana. Nikikaa kinaachia. Mume wangu kaniuliza kwa nini sioshi vyombo nikiwa nimesimama. Nikamwambia nimechoka. Kasema, "Mvua hizi zinachosha kila mtu," akaendelea kula.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikajikaza kisabuni.

Mei 2

Naandika nikiwa hospitali. Kalamu ya muuguzi, mkono hauna nguvu, lakini nataka kuandika kabla sijaanza kuipamba hadithi.

Ilikuwa Jumatatu. Mvua tangu alfajiri, na nyumba ya wageni wanataka mashuka yote kwa pamoja. Mama kaenda kumwona jamaa. Mwalimu alikuwa kaunta akilalamika juu ya mashati yake, nilimsikia nikiwa kwenye mashine, "Wiki nzima shati! Shati moja!" na Kitinda akimbembeleza.

Nikajitwika beseni. Kwenye kona ya ngazi maumivu yakaja, nikasema moyoni, subirini niweke mzigo. Hayakusubiri. Ilikuwa kama mtu kaniwekea gunia la sabuni kifuani kisha akakaa juu yake. Taya, mgongo, mkono wa kushoto wote. Jasho likanitoka la baridi, mimi ambaye jasho langu maisha yangu yote ni la moto. Beseni likaniponyoka, likashuka ngazi na mashuka yake kwa kishindo, nami nikaanguka palepale kwenye kona.

Kitinda alikuja akikimbia, yeye aliyekatazwa hata kubeba ndoo. Akapiga magoti juu ya mashuka mabichi.

"Dada, wapi panauma?"

Nikamwambia usijali, ni mawe tu. Hata pale nilikuwa na kiburi kidogo nilipotamka.

"Mawe?" Akanishika uso. "Onyesha kwa mkono."

Nikaweka ngumi katikati ya kifua.

"Haya si mawe," akasema. "Mimi nimeyaugua mawe, dada. Yangu yaliuma hapa ubavuni, kulia, nikila vya mafuta. Hayakuwahi kunipata kwa sababu ya ngazi. Na tangu lini unaumwa ukipanda ngazi?"

Akanitikisa. "Tangu lini!"

"Tangu mvua zianze."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Akageuka akapiga ukelele, na Kitinda huyu ambaye tunapunguza redio kwa ajili yake, sauti yake ilitikisa bati: "Mwalimu! Gari lako liko wapi?"

Mwalimu akaja na shati lake mkononi. Walininyanyua wawili. Nilimsikia Mwalimu akisema, "Pole pole, pole pole, mama," na hakusema neno lingine la mashati mpaka tunafika. Kitinda alikaa nyuma nami, kichwa changu mapajani mwake, akinipepea na shati la Mwalimu. Nikamwambia kidonda chako kitafunguka. Akaniambia nifunge mdomo. Hajawahi kuniambia hivyo tangu azaliwe.

Mlangoni muuguzi akauliza, "Mama anaumwa nini?"

Swali lilelile. Nimelingoja msimu mzima liulizwe kwa upole hivyo, na lilipofika sikuweza kulijibu. Nililia tu. Kitinda ndiye aliyejibu, haraka haraka, akiwaambia kifua, mkono, taya, ngazi, na kwamba yeye ndugu yake wa damu alitolewa mawe na daktari alionya. Wakanipa kidonge nitafune, wakanibandika nyaya kifuani, na watu wakaanza kukimbia.

Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa karibu kuziba. Wameuzibua. Nilimwambia mume wangu fundi bomba kwamba hapa kuna mafundi wenzake. Hakucheka. Alikaa pembeni ya kitanda amekunja kofia yake mpaka ikaharibika, akasema, "Ulikaa kula, ukakaa kuosha vyombo, na mimi nikala." Akarudia hivyo hivyo.

Mei 4

Daktari yule kijana kapita kuniangalia. Wamenipiga picha ya tumbo pia. Kanionyesha: mawe! Kifuko kimejaa, yametulia kimya, huenda ni ya miaka, hayajawahi kuniuma. Yale niliyoyaita mawe msimu mzima yalikuwa moyo, na mawe yenyewe yalikuwepo wala sikuyajua.

"Ni mengi kuliko ya mdogo wangu?" nikamuuliza.

Daktari akanitazama. "Mengi zaidi, naona."

Kitinda alikuwa amesimama nyuma yake na chupa ya uji. Nilitegemea nitasikia raha. Nilimwona tu amekonda.

Daktari akasema mawe tutayaacha kwanza, moyo upone, na dawa nisiache hata siku moja. Kisha akasema kama ningekuja ile Machi aliponiambia, huenda nisingefika hapa kwa kubebwa. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Mei 5

Mama kaja. Alisimama mlangoni muda mrefu. Akaja akanishika mguu kupitia blanketi kama ananipima kama nipo.

"Nilikuzoea mzima," akasema. "Nilikuwa nakutazama wewe ndiyo napata nguvu ya kumwangalia mwenzio. Sikukutazama wewe kama wewe."

Nikamwambia mimi nilijificha, Mama. Akasema mtoto akijificha mama hutafuta. Akalia, nikalia, muuguzi akaja kutufokea kwa sababu mashine ya moyo ilianza kupiga kelele.

Mei 9

Nimerudi nyumbani. Ngazi siruhusiwi. Mvua zimepungua, zinakuja na kuondoka kama mteja asiyejua anataka nini.

Kitinda alinisaidia kuvua viatu, halafu akakaa kwenye kiti na kununa. Nikamuuliza vipi.

"Miezi miwili nimekula vya kuchemsha," akasema. "Nimetembezwa mpaka njia panda kila jioni. Nimelala na mkono kifuani nikihesabu mapigo kwa hofu. Daktari aliniambia mimi kuhusu moyo, mimi! Halafu moyo ukaenda kwako. Na mawe yako mengi zaidi. Dada, hivi wewe huwezi kuniachia hata kitu kimoja?"

Nikamtazama kama anatania. Nusu alikuwa anatania. Nusu nyingine naijua vizuri sana, nimeishi nayo msimu mzima.

Nikamwambia, "Jumanne twende wote kwa daktari. Nitakubebea mto."

"Wewe huruhusiwi kubeba."

"Basi tutaacha mto."

Mei 10

Asubuhi nilisikia harufu ya kuungua. Nikataka kuinuka, Mama akanizuia. "Muache."

Kitinda akaingia na shuka. Jeupe, lile la nyumba hii. Akalitandika mwenyewe, akalichomekea pembeni kwa kulivuta, na kila alipovuta upande huu mikunjo ilitokea upande ule. Katikati, pale mgongo unapolala, kuna alama ya pasi, ya kahawia, kamili kabisa mpaka ncha yake. Kwenye biashara hii, shuka kama lile mteja analirudisha na sisi tunalipa.

Alisimama akinisubiri niseme kitu, uso umemwiva kwa joto la pasi, na kidole kimoja kakitia mdomoni kwa kuwa kakiunguza.

Nikapanda kitandani nikalala. Lilikuwa bado la moto mgongoni. Mikunjo niliisikia yote, mmoja mmoja. Nikamwambia, "Ahsante mdogo wangu, linanukia."